Kabla hujanunua pampu nyingine ya petroli

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: gari linazima njiani, linakosa nguvu au linasumbua kuwaka asubuhi, na fundi amekwisha kutoa hukumu kwamba ni pampu. Tumechagua tano. Moja ni ya dizeli, tumeiingiza kwa sababu wenye taksi wanauliza jambo hilo kila mara.

SWALI: Ndugu mafundi, habari za kazi. Nina Toyota Premio ya 2004, injini ya 1ZZ, cc 1800. Nikitoka Kampala mchana jua likiwa kali, nikishapita Masaka injini inakatika ghafla kama mtu amezima ufunguo. Stata inazungusha vizuri lakini gari haliwaki. Nikingoja nusu saa linawaka, nikifika Lyantonde linarudia. Pampu ilibadilishwa, nikakaa salama wiki mbili tu. Sasa fundi anataka kuweka nyingine. Nikubali? – *Msomaji, Mbarara*

JIBU: Usikubali bado, kaka. Gari linalozima likipata joto na kuwaka likipoa lina washukiwa wakubwa wawili: pampu, na sensa ya krenkshafti. Ugumu ni kwamba wote wawili wanaacha alama moja. Kompyuta ya gari huipa pampu umeme pale tu inapopata habari kutoka kwenye sensa hiyo kwamba injini inazunguka. Habari ikikatika, kompyuta inakata umeme wa pampu. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili gari likipata ajali na injini ikazima, petroli isiendelee kusukumwa na kumwagika. Basi fundi anatega sikio kwenye tangi, hasikii mlio, anasema pampu imekufa, kumbe pampu ni nzima ila imenyimwa umeme. Muda wa kufungua kiti na kuweka mpya ni muda wa gari kupoa, na likishapoa linawaka, kila mtu anaamini ugonjwa umepona.

Kwa hiyo kipimo cha maana ni kile kinachofanyika gari likiwa limezima, hapo hapo kando ya barabara, kabla halijapoa. Likifika gereji kesho yake likiwa baridi, hakuna cha kuona. Weka kwenye gari multimeta (kipima umeme), plagi moja ya akiba, bisibisi, na uwe na mtu wa kukuzungushia stata.

Anza na sindano ya mizunguko kwenye dashibodi. Stata ikizunguka na sindano ikainuka kidogo, hadi kama 200 au 300, sensa inafanya kazi. Ikilala kwenye sifuri, ishuku sensa, ingawa si kila gari huonyesha sindano wakati wa stata, kwa hiyo usiishie hapo. Injini yako ina koili nne, moja juu ya kila plagi. Ng'oa koili moja, iache plagi ya injini mahali pake ili tundu lisibaki wazi, chomeka plagi ya akiba kwenye koili, bana chuma chake kwenye chuma cha injini mbali na bomba la petroli, mwenzako azungushe. Cheche zikikosekana na pampu nayo ikiwa kimya, iache pampu: tafuta sensa, waya zake, au umeme wa kompyuta. Cheche zikiwapo, nguvu, na injini bado haiwaki, hapo sasa una haki ya kwenda kwenye tangi.

Neno moja kuhusu kusikiliza. Mafundi wengi huwasha ufunguo bila stata na kungoja mlio wa sekunde mbili. Kwenye Honda na magari mengine mengi mlio huo upo. Toyota nyingi za miaka hiyo haziwashi pampu mpaka stata izunguke, kwa hiyo kimya cha ufunguo peke yake si ushahidi. Sikiliza kwenye mdomo wa tangi wakati mwenzako anazungusha.

Sasa inua kiti cha nyuma, fungua kifuniko cha bati, utaona soketi ya pampu. Pima umeme *soketi ikiwa imechomekwa*, ncha za multimeta zikiingia kwa nyuma ya waya, na stata ikizunguka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Fundi huchomoa soketi, anapima waya mtupu, anasoma volti 12 na kuridhika. Waya uliooza ukabakiwa na nyuzi mbili utakuonyesha volti 12 bila shida, kwa kuwa multimeta haivuti chochote. Pampu huvuta ampea 4 hadi 7, na waya ule hauwezi kuzibeba. Umeme kwenye pampu usipungue ule wa betri kwa zaidi ya nusu volti, vyote vikipimwa kwa wakati mmoja: injini ikiwa inanguruma na betri iko 14, pampu ipate 13.5. Pima pia upande wa ardhi, kutoka waya hasi wa pampu hadi ncha hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2 pampu ikifanya kazi, kuna boliti ya bodi yenye kutu.

Majibu yatakuwa matatu. Umeme kamili na pampu kimya: pampu imekufa, nunua. Hakuna umeme kabisa: angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli), kisha rilei ya pampu, yaani swichi inayowashwa na umeme, ambayo Toyota huiandika C/OPN, mahali pake hutofautiana kati ya gari na gari. Badilishana na rilei nyingine ya aina ile ile ndani ya sanduku, mradi namba za pini zilingane. Rilei nayo huchoka kwa joto. Umeme upo lakini pungufu, tuseme volti 10: huu ndio tunaoushuku zaidi kwako, kama cheche zitakuwapo. Pampu inayolishwa volti 10 huzunguka polepole, inapata joto, mafuta hayafiki kwa kiwango, na mpya utakayoweka itapata mateso yale yale. Ichunguze soketi kwa macho. Plastiki ikiwa ya kahawia au imeyeyuka pembeni, au pini imelegea, badilisha soketi pande zote mbili. Tunaamini fundi wako aliweka pampu mpya kwenye soketi ile ile ya zamani.

Ukikwama usiku na umethibitisha umeme unafika, piga chini ya tangi kwa nyundo ya mpira au mpini uliofungwa kitambaa huku mwenzako akizungusha. Ikiwaka, brashi za kaboni ndani ya pampu zimeisha na zimekubali kugusa mara ya mwisho. Nenda moja kwa moja kwa fundi aliye karibu, usijaribu kufika nyumbani.

Na usiendeshe safari ndefu tangi likiwa chini ya robo. Petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha pampu. Taa ya mafuta ikiwaka mchana wa Januari kwenye lami, pampu inapikwa.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mimi nafanya biashara kati ya Gulu na Kampala kwa Subaru Forester isiyo na tabo (turbo). Kwenye tambarare inakwenda, lakini nikipanda kutoka daraja la Karuma au nikitaka kulipita lori, inajivuta kama imefungwa kamba nyuma. Ikisimama inanguruma vizuri. Mashine imesoma P0171. Mmoja anasema injini imechoka, mwingine anasema pampu. – *Mama wa Gulu*

JIBU: Marahaba, mama. P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli. Haisemi ni kwa nini. Kuna njia tatu za kufika hapo: hewa inaingia kwa mpira uliopasuka, sensa ya kupima hewa imechafuka, au petroli inafika kidogo. Mpira uliopasuka husumbua zaidi injini ikinguruma bila mzigo, na ukiongeza mizunguko hali inapungua. Wewe umeeleza kinyume chake. Pampu dhaifu huweza kuilisha injini iliyosimama, maana hapo mahitaji ni madogo sana, ila ukikanyaga na kupanda haifuati. Kwa hiyo mwelekeo ni petroli, lakini kwanza sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, isiguswe kwa kitambaa. Ni kazi ya dakika kumi na inagharimu kidogo.

Baada ya hapo mwambie fundi alete geji ya presha ya petroli. Asiyekuwa nayo hawezi kukwambia pampu imechoka. Anabahatisha kwa fedha yako. Presha itolewe kwanza: achomoe fyuzi ya pampu, awashe injini mpaka izime yenyewe, azungushe stata sekunde tano nyingine, kisha atoe ncha hasi ya betri ndipo afungue bomba. Kizimamoto cha poda kiwe karibu na asiwepo mvutaji sigara. Geji iingie kati ya filta na reli ya nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini.

Kwenye injini kama yako yenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli) ya kuvutwa na mpira wa hewa, tegemea karibu psi 30 hadi 34 injini ikinguruma, na psi 41 hadi 46 ukichomoa mpira wa regyuleta. Mpira huo ukikutwa na petroli ndani, utando wa regyuleta umepasuka, na hapo pampu haina kosa. Presha ikisomeka vizuri gari likiwa limesimama, usiishie hapo, kwa sababu ugonjwa wako hauonekani limesimama. Geji ifungwe kwa utepe nje ya kioo cha mbele, bomba lake lipite juu ya boneti (lisiingie ndani ya gari hata kwa dakika moja), mtu mmoja aendeshe kilima, mwingine asome. Mguu ukiwa chini, presha ipande kuelekea ile ya mpira uliochomolewa. Ikishuka badala ya kupanda, petroli haitoshi.

Bado si lazima iwe pampu. Filta iliyoziba hutoa dalili ile ile, na kwenye Forester nyingi za zamani filta iko ndani ya boneti, ni kazi ya nusu saa. Ibadilishwe, upimwe tena. Kisha upimwe wingi: mpira wa kurudisha petroli uingizwe kwenye chupa yenye alama za ujazo, pampu iendeshwe sekunde 30. Chini ya nusu lita, pampu au chujio lake la ndani ya tangi ndilo lenye kosa. Gari likianza kujivuta, jaribu pia kusimama na kufungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likapona kwa muda, njia ya kupumua ya tangi imeziba.

Presha ikiwa sawa hata kwenye kilima, kagua katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosti. Ikiziba, gari linajivuta vivyo hivyo, na hakuna pampu itakayolisaidia.

Swali lako halikugusa mafuta yenyewe, lakini tunaligusa sisi, maana barabara hiyo ina wauzaji wa madumu wengi. Chukua petroli kidogo kutoka kwenye tangi, iache ndani ya chupa safi ya kioo kwa saa moja. Maji hukaa chini, utaona mstari. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka bila kuacha doa; iliyochanganywa mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokawia. Shirika la viwango UNBS pamoja na Wizara ya Nishati wana mpango wa kuyatia mafuta alama ya kemikali ili uchakachuaji ugundulike, kwa hiyo ukikuta kituo kinachouza mafuta mabaya, una pa kupeleka malalamiko.

SWALI: Asubuhi Toyota Wish yangu inataka stata mara tatu au nne ndipo iwake. Ikishawaka, siku nzima haina tatizo. Ni pampu? – *Msomaji, Fort Portal*

JIBU: Pampu inasukuma, ila huenda haishiki. Ndani yake kuna vali ndogo inayozuia petroli isirudi kwenye tangi usiku. Ikichoka, bomba linabaki tupu, na stata tatu za kwanza ni za kulijaza. Weka geji, endesha injini, presha iwe psi 44 hadi 50, zima, ngoja dakika 5. Ikibaki psi 21 au zaidi, presha inashikilia, tafuta kwingine: betri inayoshuka chini ya volti 10 wakati wa stata, au sensa ya joto la maji. Ikianguka, kuna njia mbili za kuvuja. Chomoa plagi zote asubuhi kabla ya kuwasha. Moja ikiwa mbichi na inanuka petroli, nozeli ya silinda hiyo inadondosha, na pampu mpya isingekusaidia chochote. Zote zikiwa kavu, uvujaji uko ndani ya tangi, kwenye vali ya pampu au regyuleta iliyofungwa pamoja nayo. Uvujaji ukiwa huo wa ndani ya tangi, gari linaweza kuendelea kutembea kwa muda bila madhara zaidi ya kuichosha stata, kwa hiyo hauna haraka ya kununua kitu kibaya.

SWALI: Nina Hiace ya dizeli, injini 5L, inafanya taksi Mbale. Ikilala usiku inawaka, inazima, tunapampu kwa mkono juu ya filta, inawaka tena. Fundi anataka kushusha pampu na kuipeleka Kampala. – *Mwenye taksi, Mbale*

JIBU: Isishushwe. Injini yako haina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ile kubwa pembeni ya injini inavuta dizeli yenyewe kutoka nyuma, na kwa kuwa inavuta, tundu kwenye mpira halidondoshi dizeli nje, linaingiza hewa ndani. Ndiyo maana hamwoni uvujaji. Usiku dizeli inarudi kwenye tangi na hewa inachukua nafasi yake, na kule kupampu kwa mkono ndiko kunakoitoa.

Chukua dumu safi la lita 5, lijaze dizeli, liweke juu kuliko injini, ulete mpira mpya kutoka kwenye dumu hadi filta, na mpira wa kurudisha uuelekeze ndani ya dumu hilo. Toa hewa, liache lilale hivyo. Likiwaka asubuhi na likaendelea, hewa inaingia kati ya tangi na filta: badilisha mipira laini yote na klipu zake, maana mpira uliokakamaa hauonyeshi ufa mpaka uukunje. Likizima hata kwa dumu, chunguza filta na pampu yake ya mkono, ambayo nayo ina utando unaopasuka na kuvuta hewa. Weka kipande cha bomba linaloonyesha ndani baada ya filta. Mapovu yakipita wakati injini inanguruma, hewa inaingia kabla ya hapo. Bomba likiwa safi bila povu na injini bado inazima, ndipo pampu kubwa ishukiwe, na hata hapo kagua kwanza solenoidi ya kuzimia (vali ya umeme inayokata dizeli) iliyo juu yake. Ufunguo ukiwashwa ipate volti 12 na ilie “tak”.

SWALI: Nimepima kila kitu mlivyoeleza kwenye matoleo yaliyopita, na kweli pampu ya Corolla yangu imekufa. Nikienda soko la vipuri la Kisekka naambiwa kuna ya asili, ya Dubai na ya kutumika kutoka Japani. Nichague vipi? – *Msomaji, Kampala*

JIBU: Nenda na pampu ya zamani mkononi, pamoja na namba iliyoandikwa kwenye mwili wake. Kufanana kwa umbo hakutoshi, kwa sababu pampu mbili zenye ukubwa mmoja zinaweza kuwa na presha tofauti. Kama injini yako ni ya D-4, yaani inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mwambie muuzaji mapema: injini hizo zina pampu mbili, ya tangini yenye presha ya kawaida na nyingine ya presha kubwa inayoendeshwa na kemushafti, na watu huzichanganya.

Jina kubwa kwenye sanduku si uthibitisho. Tazama uchapaji wa namba kwenye chuma chenyewe: iwe imechongwa au kuchapwa safi, si karatasi inayong'oka kwa ukucha. Pima ukinzani kati ya pini mbili. Kwenye Toyota nyingi uwe kati ya ohmu 0.2 na 3. Kipimo hicho hakikwambii pampu ni nzuri, kinakwambia tu kwamba haijakatika ndani. Ya kutumika tunaipendekeza pale tu muuzaji anapokubali kwa maandishi kuibadilisha, maana hakuna ajuaye imebakiwa na brashi kiasi gani. Usimruhusu aijaribu kwenye betri ikiwa nje ya petroli. Ikizunguka kavu inajisaga, na cheche ya waya karibu na mvuke wa petroli huunguza duka zima.

Siku ya kuifunga, nunua pamoja nayo chujio jipya la chini, linalofanana na soksi, na gasketi au O-ringi mpya ya kifuniko. Tangi lifunguliwe likiwa chini ya nusu, nje penye upepo, betri imetolewa ncha hasi. Mulika ndani kwa tochi, usitumie taa ya umeme yenye balbu ya moto. Ukiona kutu au matope, tangi lishushwe na kuoshwa. Ukiliacha, pampu mpya itavuta uchafu ule ule. Paka O-ringi petroli kidogo kabla ya kuikalisha, boliti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, maana nyingi zinaingia kwenye bati jembamba. Tia angalau lita 10 kabla ya kuzungusha stata.

Kiti kibaki kimeinuliwa. Washa injini, mulika kuzunguka kifuniko dakika kumi, kisha jaza tangi hadi juu na utazame tena, kwa sababu gasketi iliyokaa vibaya huvuja pale tu petroli inapoifikia. Harufu ya petroli ikisikika ndani ya gari, hata iwe ndogo, usifunge kiti wala usiendeshe. Fungua upya na uweke gasketi nyingine.